Mwanya si Pengo

Mwezi wa saba Makambako watu hutembea wamekunja mabega. Upepo wa kwetu hauulizi umevaa sweta ngapi. Nilikuwa nimekuja nyumbani likizo, na asubuhi hiyo mama alinituma stendi kununua viazi, kwa sababu anaamini wanaowauzia abiria wa mabasi ya Dar es Salaam, Mbeya na Songea hupata mzigo mzuri kuliko wa sokoni. Nikapita kwenye safu ya ndoo na sado zilizojazwa viazi mviringo mpaka vikafanya vilima. Mwanamke mmoja alikuwa akicheka na mwenzake. Alicheka ameinua ncha ya kitenge mbele ya mdomo.

Niliujua mkono kabla sijaujua uso. Miezi saba nyuma, mkono ule ule ulikuwa mbele ya mdomo ule ule kwenye kiti cha kliniki moja ya meno mjini Njombe, na mimi ndiye niliyemwomba aushushe. Nilimtengenezea meno manne ya mbele. Nilimpiga picha akiwa ameyavaa, nikaiweka kwenye ripoti yangu ya mafunzo ya vitendo, na ripoti ikapata alama nzuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kamwene, daktari!" Kitenge hakikushuka.

"Mama, meno yako wapi?"

"Yapo, mwanangu. Yapo salama kabisa. Nimeyaweka kwenye glasi, kabatini."

Alisema kama mtu anayezungumzia vikombe vya wageni.

Nilisimama pale na kikapu changu nikipitia mpango wa matibabu kichwani, hatua moja baada ya nyingine, kutafuta nilipokosea. Sikupaona. Mpango ulikuwa kama tulivyofundishwa.

Alikuja kliniki akiwa hana meno manne ya mbele ya juu. Mwaka 1925 daktari wa Kimarekani, Edward Kennedy, aliyagawa mapengo katika makundi manne kulingana na mahali yalipo kwenye taya, na hadi leo ndiyo lugha tunayoitumia. Pengo linalokaa mbele kabisa na kuvuka mstari wa katikati ya uso ni kundi la nne. Nikaandika kwenye faili lake: kundi la nne. Meno yalikuwa yamelegea kwa ugonjwa wa fizi, yakang'olewa kwa vipindi, mawili kwanza, kisha mengine mawili. Jino likitoka, mfupa uliokuwa umelishika hukosa kazi na kuanza kusinyaa, na sehemu kubwa ya kusinyaa huko hutokea ndani ya mwaka wa kwanza, zaidi upande wa mdomo kuliko upande wa ulimi. Ndiyo maana mtu aliyekaa na pengo la mbele kwa muda mrefu huonekana mdomo wake wa juu umeingia ndani, na watu husema amezeeka ghafla.

Mpango una utaratibu wake. Kwanza unaondoa maumivu na usaha, kama vipo. Pili unatafuta kilichoyaondoa meno, maana ukijenga juu ya fizi zinazooza, hata meno ya jirani yatafuata. Tuliyasafisha meno yaliyobaki, nikamfundisha kupiga mswaki upya, tukasubiri fizi zitulie. Baada ya hapo ndipo unaanza kuzungumza juu ya kujaza pengo.

Nilimweleza njia zote, kama sheria za kazi zinavyotaka. Kuna kupandikiza: skrubu ya titani inaingizwa kwenye mfupa, mfupa unaikumbatia, kisha jino linafungwa juu yake. Msweden Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mfupa wa sungura alipogundua kwamba kifaa chake cha titani kimeshikwa na mfupa na hakitoki tena. Mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye aliishi na skrubu zile kwa miaka 40. Kuna daraja: unayachonga meno ya pembeni, mazima au mabovu, ili yabebe meno ya katikati. Kuna daraja la kubandika, lenye mbawa nyembamba zinazogandishwa nyuma ya meno ya jirani bila kuyachonga sana. Na kuna meno ya kuvaa na kuvua: kibamba cha akriliki cha rangi ya fizi, meno juu yake, na kulabu za waya za kushikilia.

Mfupa wake ulikuwa umeshapungua. Chonge zake, ambazo zingebeba daraja, zilikuwa bado na ulegevu kidogo. Na njia ya kwanza, hata kama mfupa ungekuwepo, ingemgharimu viazi vya misimu kadhaa. Tukakubaliana: ya kuvaa na kuvua. Nilitoa vipimo vya mdomo, nikamwaga plasta, nikachagua rangi ya meno karibu na dirisha kwa sababu taa ya umeme hudanganya. Fundi wa maabara akayapanga meno kwenye nta ili tuyajaribu mdomoni kabla hayajawa akriliki.

Siku ya kujaribu nilimwomba aseme maneno yenye f na v. Herufi hizo hutoka pale ncha ya meno ya juu inapougusa mdomo wa chini. Meno yakiwa marefu mno, f inakuwa kama v. Yakiwa mafupi mno, v inakuwa kama f. Kitabu kina orodha ya maneno ya Kiingereza. Mimi nilimwambia: "Mama, sema viazi."

"Viazi," akasema. Ikatoka safi. Hadi siku hiyo alikuwa akisema kitu kilichokaa kati ya "hiazi" na "wiazi", mtu anayeishi kwa kutamka neno hilo mara mia kwa siku. Mimi na fundi tulitazamana kwa furaha.

Nikampa kioo. Akajitazama. Alikaa kimya muda mrefu kidogo, kisha akasema, "Ni mazuri, daktari. Mazuri sana. Asante."

Nikaandika: mgonjwa ameridhika.

"Yanauma?" nilimuuliza pale stendi.

"Hapana."

"Yanalegea ukila?"

"Hayalegei."

"Sasa?"

Akampangia mteja viazi kwenye mfuko, akapokea pesa, akarudisha chenji. Alikuwa na adabu ile ya watu wa kwetu ambayo humfanya mtu akose la kusema mbele ya daktari, hasa daktari aliyempunguzia bei. Niliijua adabu hiyo. Nimelelewa nayo. Nikaona kwamba nikiendelea kuuliza kama daktari, nitaendelea kujibiwa kama daktari.

Nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya mbele ya mgonjwa. Nikageuka kidogo kukwepa abiria, nikabonyeza kwa ulimi, nikalitoa jino langu la mbele.

Nililipoteza nikiwa na miaka 12, darasa la sita, kwenye foleni ya bomba shuleni. Kusukumana kwa kawaida. Nilipiga mdomo kwenye chuma na jino likatoka zima, na mzizi wake wote. Mama alilifuta, akalifunga kwenye karatasi ya daftari, na kesho yake akanipeleka Njombe, kama kilomita 60, kwa kosta ya alfajiri. Hiyo ilikuwa mwaka 2010, Njombe ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa; ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Mtabibu alilifungua lile karatasi, akalitazama jino, akaliviringisha tena taratibu na kumrudishia mama. "Limekauka," akasema.

Miaka mingi baadaye, kwenye ukumbi wa mihadhara Dar es Salaam, nilikaa safu ya tatu nikisikiliza namna ya kuliokoa jino la ukubwani lililong'oka kwa ajali. Lishike kwenye kichwa chake, usiguse mzizi. Kama lina uchafu, lisuuze haraka bila kulisugua. Lirudishe kwenye tundu lake pale pale, mtoto aume kitambaa, umkimbize kwa daktari. Ukishindwa kulirudisha, usiliache likauke: liweke kwenye maziwa. Mzizi una utando wa chembe hai, na chembe hizo zikikaa kwenye ukavu kwa saa moja, nyingi huwa zimekufa. Jino la utotoni halirudishwi, lakini la ukubwani kila dakika yake ina thamani.

Maziwa. Siku ile kulikuwa na sufuria ya maziwa nyumbani kwetu. Nakumbuka kwa sababu mama alinipa niyanywe kwa mrija wa kalamu, maana mdomo ulikuwa umevimba. Jino likiwa kwenye karatasi, juu ya meza hiyo hiyo.

Sijawahi kumwambia mama hilo. Nimewahi kuwafundisha wazazi wa watoto wengine, walimu wa michezo, madereva wa bodaboda. Yeye sijamwambia.

Tangu hapo nimevaa meno matatu tofauti, yote ya akriliki, maana kinywa cha mtoto kinakua na kibamba hakikui. Ndiyo sababu hata mwenye pesa hapandikizi skrubu kwa mtoto: taya linaendelea kukua na kushuka na meno yake, skrubu inabaki pale pale ilipowekwa, na baada ya miaka michache jino bandia linaonekana limepanda juu kama limekimbia wenzake. Kwa hesabu za Kennedy mimi ni kundi la tatu, kwa kuwa pengo langu lina majirani pande zote mbili na halivuki katikati. Wanafunzi wenzangu wengi hawajui. Nimejifunza kung'ata embe kwa pembeni na kucheka kwa kipimo.

Mama wa viazi alilitazama jino kwenye kiganja changu, akanitazama mdomoni, kisha akashusha kitenge na kucheka kwa sauti, pengo lake lote wazi. Mwenzake aligeuka kuona kulikoni. Nikalirudisha haraka.

"Kumbe na wewe!" akasema. "Na hukuniambia!"

"Na wewe hukuniambia."

Ndipo akasema. "Mimi nilikuwa na mwanya."

Kiswahili kina maneno mawili kwa nafasi kati ya meno, na hakuna anayeyachanganya. Pengo ni pale jino lilipokuwa na sasa halipo. Mwanya ni nafasi uliyozaliwa nayo katikati ya meno mawili ya mbele, na mwenye mwanya husifiwa. Watu huimbiwa mwanya. Wengine huenda kuchongwa ili waupate. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza niliuona usemi huo kama dharau kwa kazi niliyotaka kuifanya. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mtu ambaye nilimletea jino la pembe zuri kabisa, nikamzibia pengo, na mwanya nikauziba humo humo.

"Dada yangu alikuwa nao, mama yetu alikuwa nao," alisema. "Mume wangu, marehemu, alinitambua kwa mwanya. Nilipojiangalia kwenye kile kioo niliona mtu mzuri. Lakini nikamwona mwingine. Mjukuu wangu aliponiona akauliza, bibi, huyu ni nani? Watoto hawana siri."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Sikuwa na jibu la kitabu kwa hilo. Na ubaya ni kwamba kitabu chenyewe kilikuwa kimenionya. Kinasema kabla ya kupanga meno ya mbele, mwombe mgonjwa picha yake ya zamani akiwa anatabasamu. Mimi nilikuwa nimeuliza kama ana picha, akasema ana kitambulisho. Nikakitazama: mdomo umefungwa, kama inavyotakiwa. Nikaona nimetimiza wajibu, nikaendelea. Meno yakapangwa yakiwa yamegusana, sawasawa, kama kwenye mchoro. Na siku ya kujaribu yalikuwa bado kwenye nta. Kisu cha moto na dakika chache vingetosha kuyasogeza. Nilichohitaji kilikuwa swali moja, na kuvumilia ule ukimya wake mbele ya kioo badala ya kuujaza na furaha yangu.

Siku iliyofuata alikuja nyumbani kwetu na glasi yake ndani ya mfuko na picha ndani ya Biblia. Ya harusi. Rangi zimeshafifia, lakini bibi harusi anacheka mdomo wazi, na mwanya unaonekana, si mpana, labda milimita mbili. Jino la kulia lilikuwa limegeuka kidogo kuelekea la kushoto, kama linataka kumnong'oneza. Hilo nalo sikulijua.

Nikapanda kosta kwenda Njombe na meno mfukoni. Fundi aliiangalia picha, akayaangalia meno aliyoyapanga kwa ustadi, akaguna. "Watu wanalipa tuwazibie," akasema. "Wewe unalipa nifungue?" Nililipa mwenyewe, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Aliyakata meno ya mbele kutoka kwenye kibamba, akachagua mengine membamba kidogo ili nafasi ipatikane, akayaweka kwenye nta, akageuza lile la kulia mpaka nikamwambia basi.

Hapo ndipo nilipoishukuru ile njia ya bei nafuu. Tulipokuwa darasani, meno ya kuvaa na kuvua yalikuwa chini kabisa kwenye orodha, kitu unachompa mtu akishindwa vingine. Lakini kama ningemtengenezea daraja la porseleni lililogandishwa, kosa langu lingekuwa limegandishwa nalo, na chonge zake zimechongwa bila kurudi. Akriliki ilikubali kusahihishwa. Sisemi ni bora kuliko skrubu ya titani. Inakusanya uchafu, inabidi kuivua usiku, kulabu huonekana ukicheka sana, na mfupa unaendelea kusinyaa chini yake. Nasema tu kwamba kwa yule mama, mwaka ule, na daktari mwenye uzoefu kama wangu, ilikuwa busara kuchagua kitu kinachosamehe.

Safari hii nilimjaribishia nta nyumbani kwao, Makambako, siku moja yenye jua kidogo, amekaa kwenye kigoda uani. Nilimpa kioo na nikanyamaza. Alijitazama. Aliingiza ncha ya ulimi kwenye mwanya, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayejaribu kitasa cha nyumba yake ya zamani. Mjukuu akaja kusimama kando yake. Hakuuliza kitu. Akamwomba bibi yake hela ya maandazi.

"Sema viazi," nikamwambia.

"Viazi," akasema. V ilikuwa bado imo. Kwenye z kulikuwa na filimbi ndogo ya hewa inayopita katikati, na nikataka kusema tunaweza kuipunguza. Kisha nikauliza kwanza.

"Hiyo iache," akasema. "Hiyo ni yangu."

Usiku, kabla sijarudi Dar es Salaam, nilimsimulia mama habari yote tukiwa tunaota moto jikoni. Nilisimulia mpaka ya picha ya harusi. Mama aliinuka bila kusema kitu, akaenda chumbani, nikamsikia akifungua sanduku. Alirudi na kikopo cha mafuta ya kujipaka. Ndani kulikuwa na karatasi ya daftari lenye mistari, imekuwa ya manjano, imekunjwa mara nne.

"Kama mnahitaji picha ya zamani," akasema, "hili je?"

Lilikuwa jino langu. Miaka 15 amelitunza. Nililishika kwenye kichwa chake, si kwenye mzizi, bila kufikiri, kama ninavyowafundisha wengine. Lilikuwa pana kuliko nililovaa. Kona yake ya nje ilikuwa ya mviringo, na nililovaa lina kona kali. Niligundua kwamba sikuwa nimekumbuka kabisa lilivyokuwa. Nilikuwa nimezoea lile la mtu mwingine.

"Ningeliweka wapi siku ile?" mama akauliza. Alikuwa anatazama moto. "Wewe sasa umesoma. Ningefanya nini?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa tayari mdomoni, lenye dakika zake na joto lake na jina la kile kilichokuwa kwenye sufuria. Nikamwangalia uso wake, nikaliviringisha jino kwenye karatasi yake taratibu.

"Ulifanya vizuri kulitunza," nikasema. "Nitalihitaji."